Mwanangu, anza na mtu mmoja

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Unasema una miezi kadhaa kwenye hii kazi ya kufanyia nyumbani, timu yenu imetawanyika nchi tofauti, na mradi mpya ulipogawanywa hakuna aliyekukumbuka. Halafu ukauliza: "Mama, nifanyeje nizoeane na hawa watu bila kuonekana najipendekeza?" Hapo penye kujipendekeza nimecheka kidogo, maana hofu hiyo unayo tangu utotoni.

Kwanza, usidhani una kasoro. Miaka ya 1970, Thomas Allen wa chuo cha MIT huko Marekani aliwafuatilia wahandisi na wanasayansi kazini, akaona kadiri meza zao zinavyoachana ndivyo mazungumzo yanavyopungua. Zikishapita mita 50 hivi, watu karibu hawasemezani tena katika shughuli za kawaida. Mita 50, mwanangu! Mtu wa umbali huo ukimwita anasikia. Sembuse ninyi, wewe unaamka mwenzako ndiyo kwanza anapanda kitandani.

Hilo la kusahaulika nalo lina ushahidi. Kati ya mwaka 2010 na 2011, kampuni ya usafiri ya Ctrip ya Shanghai iliwaacha baadhi ya wafanyakazi wake wa simu wafanyie kazi nyumbani kwa miezi 9, na mchumi Nicholas Bloom na wenzake wakapima matokeo. Utendaji ulipanda kwa asilimia 13. Lakini ukiwalinganisha wawili waliofanya kazi sawasawa, yule wa nyumbani alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupandishwa cheo. Na ruhusa ya kuchagua ilipotolewa, wengi walirudi ofisini, upweke ukiwa miongoni mwa sababu kubwa.

Sasa, wengi wakihisi upweke wa namna hii hudai vikao viongezwe. Mimi sikubaliani nao. Kikao cha watu 15, kamera zimezimwa, mmoja anasoma taarifa na waliobaki wanajibu barua pepe chini kwa chini. Mkitoka hapo mmejuana nini? Kikao mnacho tayari. Mlichokosa ni yale maneno ya kabla kikao hakijaanza: nani amekesha na mtoto mgonjwa, nani amekwama na hesabu zake, mteja gani msumbufu na anatulizwaje. Ofisini maneno hayo huja yenyewe. Mkiwa mbalimbali hayaji mpaka mtu ayaanzishe, na mtu huyo awe wewe.

Usianze na grupu zima. Chagua mmoja ambaye kazi yake inagusana na yako, umwombe msaada mdogo unaouhitaji kweli. Ila usimwandikie "Habari" halafu ukanyamaza. Uso kwa uso, kusalimia na kungoja uitikiwe ni adabu. Kwa maandishi, neno hilo moja linamwacha mtu akijiuliza kuna nini, na akija kuitikia wewe umeshalala, siku nzima imepotea. Salamu na shida viende pamoja: "Habari za leo. Nimeona ulivyopanga jedwali la malalamiko ya wateja, nami nataka kupanga langu vilevile. Ile safu ya tatu unaijaza mteja akipiga simu, au tatizo likishatatuliwa? Hakuna haraka, hata kesho." Atajua umeitazama kazi yake, swali lako atalijibu kwa sentensi moja, na hutakuwa umemvurugia usiku wake.

Akishakujibu, usiishie kwenye "asante". Baada ya siku mbili tatu mweleze jibu lake lilifanya nini: "Nilifuata ulivyosema, ripoti imetoka safi." Mazoea huanzia hapo. Na kujipendekeza hakuko hivyo, maana anayejipendekeza huwa hana swali lolote, ana sifa tu.

Mkishazoeana kidogo, mwombe dakika 15 mpigiane simu. Sauti tu inatosha. Baba yako anashikilia kwamba kamera iwashwe kila mara, na hapo hatujakubaliana. Jeremy Bailenson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika mwaka 2021 kuhusu uchovu wa vikao vya video: macho ya watu yaliyokukazia kwa karibu, sura yako mwenyewe iliyo mbele yako muda wote, na kubanwa sehemu moja. Kwa sauti mtu anaweza kuzunguka chumbani akiongea, na ulimi unalegea. Utani wa maandishi uuweke akiba mpaka mjuane; kicheko hakisikiki kwenye maandishi.

Usiishie timu yako peke yake. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2021 uliowaangalia wafanyakazi zaidi ya 61,000 wa Microsoft nchini Marekani, katika miezi 6 ya mwanzo ya 2020, wakati walipopelekwa wote nyumbani. Makundi yalijifungia: kila mtu aliongea zaidi na waleale wa karibu yake, na nyuzi za kuunganisha idara na idara zikapungua. Kwa hiyo tafuta hata mtu mmoja wa nje, mhasibu au yule wa mikataba, umuulize kazi zenu zinakutana wapi na nini kinamkwaza kutoka upande wenu. Habari za miradi mipya mara nyingi hupitia kwa watu kama hao.

Tazama pia ni nani anayeumia na saa. Kama kikao chenu kila wiki kinamkuta mwenzenu yuleyule usiku wa manane, pendekeza mpokezane, hata kama zamu yako itakutoa kitandani. Atakayeona umelifikiria hilo hatakusahau upesi.

Limebaki la msimamizi wako. Nimekaa kwenye kiti hicho, najua kazi zinavyogawanywa: orodha inaandikwa kwa haraka, na majina ya kwanza ni ya watu waliosikika wiki ileile. Kila mwisho wa wiki mwandikie mistari mitatu: nilichomaliza, kilichonikwamisha, ninachotaka kukifanya baadaye. Huo mstari wa tatu ndio unaoukwepa wewe. Uandike waziwazi kwamba mradi ujao unautaka, na sehemu gani unaiweza.

Ukishamwandikia huyo wa kwanza, niambie amejibuje.

Mama yako