Usinunue tairi za theluji kwa ajili ya matope ya Kibosho

Tangu niweke picha ya Toyota Mark II yangu ikiwa uani kwa mama mkwe, Kibosho, kule mlimani juu ya Moshi, Jumatatu ya Pasaka, matope hadi kwenye vioo, simu yangu haijapumzika. Wengi wanauliza nilipandaje. Aliyenifanya nikae niandike ni kijana mmoja wa Ngaramtoni: "Shikamoo dada. Nina Crown, inavuta nyuma, na barabara ya kwetu masika inateleza balaa. Muuza mtumba ananiambia nichukue tairi nne za snow kutoka Japani, eti ndiyo kiboko ya utelezi. Nichukue?"

Marahaba mdogo wangu. Usichukue.

Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Anayetaka kujua sababu, na kujua kwa nini nina raha ya kulisimulia jambo hili, avute kiti.

Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, ana gari la 4WD, linalovuta kwa tairi zote nne, refu, jipya kuliko langu. Gari lenyewe halinikeri. Sote tunalitaka gari la namna ile, tusidanganyane. Ukisoma hapa najua nawe una picha ya Prado mahali fulani kwenye simu. Kinachonikera ni maneno. Desemba, ukoo mzima umepanda nyumbani, mtori mezani, alisema mbele ya wakwe na wifi zangu kwamba Mark II ni gari la wahuni wa mjini, na kwamba mwanamke anayeng'ang'ania kupandisha gari la kuvuta nyuma mlimani ipo siku atawaua watoto. Watu wakacheka. Baba watoto naye alicheka kidogo. Nilimwona.

Sikujibu kitu. Mimi ni mtoto wa dereva. Marehemu baba aliendesha Hiace miaka mingi kati ya Moshi na vijiji vya juu, na Hiace ile ilikuwa inavuta nyuma, na masika ilikuwa inapanda.

Basi usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka mvua ilinyesha bila kupumua. Asubuhi tulitoka Arusha, na safari hadi Moshi sina la kusema juu yake, ni zile kilomita themanini mnazozijua, vibao vya 50 na askari wenye tochi. Lami inapoishia kule juu kuna mwinuko wenye kona, udongo mwekundu, migomba pande zote na mtaro mkono wa kushoto. Gari la shemeji lilikuwa limeegemea kwenye mtaro huo. Tairi zake zote nne zilikuwa zimejaa udongo hadi zimekuwa mviringo laini kama maandazi. Vijana wa kijiji walishafika na majembe, na bei yao.

Nilishuka, nikamsalimia vizuri, nikainama kuangalia ubavu wa tairi. STUDLESS, herufi kubwa. Tairi za theluji, mtumba. Alikuwa amezifunga kwa ajili ya Pasaka.

Nikarudi garini, nikaweka gia ya pili, nikapanda polepole bila kugusa mafuta kwa pupa. Sikupiga honi. Nilitamani.

Sasa tuje kwenye hizo tairi. Hazikutengenezwa na wajinga. Watu wa Hokkaido wanaendesha juu ya theluji na barafu miezi kadhaa kila mwaka, na tairi hizi ndizo zinazowarudisha nyumbani wazima. Mpira wake umetengenezwa kwa namna ya kubaki laini kwenye baridi, wakati tairi ya kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Juu ya kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kuna mipasuo mingi myembamba ambayo hufunguka na kuing'ang'ania barafu. Ukiona jina Blizzak au iceGUARD ujue hiyo ni mali ya baridi, na kwao ni mali nzuri kabisa.

Ila wewe wa Moshi nyuzi 7 unazipata wapi? Theluji yetu iko Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, na hakuna anayepeleka Crown kule. Arusha tunavaa sweta mbili alfajiri ya Julai na bado baridi ile kwa kawaida hatuifikii. Moshi mchana wa Februari unapita nyuzi 30, na lami inakuwa ya moto kuliko hewa. Mpira laini juu ya lami hiyo unalika upesi, kashata zinayumba ukikata kona, na mtoto akikatiza ghafla pale Usa River utasimama mbali kuliko ulivyotarajia.

"Lakini dada, zimeandikwa M+S, matope na theluji." Naam, nimeandikiwa hivyo na watu kadhaa. Alama hiyo mtengenezaji anaiweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata tu. Yenye kupimwa kwenye theluji ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Na hakuna hata moja kati ya hizo iliyopimwa kwenye udongo mwekundu wa Kilimanjaro, wala kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaoganda mpaka kwenye madgadi.

Matope yetu yanataka mifereji mipana kwenye tairi, iliyo wazi hadi pembeni, ili tairi ikizunguka iuteme udongo. Mipasuo myembamba hujaa mara moja na haiutoi tena. Baada ya hapo unaendesha kipara, ila kipara ulichokilipia.

Halafu hizi zinazotufikia ni mtumba. Mjapani haivui tairi ya theluji kwa sababu kashata zimeisha. Mara nyingi anaivua kwa sababu mpira umezeeka na kukakamaa, hautamshikia barafu tena. Kashata bado ndefu, na ndiyo maana muuzaji wetu anakuonyesha kwa majivuno huku akipitisha kidole. Wewe usiangalie kidole. Tafuta kwenye ubavu neno DOT, fuata hadi namba nne za mwisho: 2318 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta upande mmoja namba hazipo, chungulia upande wa pili. Wakati mwingine zimewekwa huko tu. Muuzaji akikasirika kwa sababu umeinama kusoma, ondoka. Ninarudia: ondoka.

Na kwa gari la kuvuta nyuma kuna mambo yake, ambayo baba alinifundisha kabla sijajua hata kuendesha.

Injini iko mbele, nguvu inakwenda nyuma, na buti likiwa tupu nyuma ni nyepesi. Kwenye tambarare yenye utelezi hapo ndipo unapoanza kucheza disko. Lakini gari likielekea juu, uzito unarudi nyuma, juu ya tairi zilezile zinazosukuma. Hilo shemeji hajui. Gari dogo la kuvuta mbele likipanda mlima mbele kunakuwa kwepesi, na wengi mmeona linavyozungusha tairi bila kwenda popote. Mama mkwe huwa namletea mfuko wa unga na wa sukari, na wanaonicheka kwa kubeba mizigo hawajui kwamba buti lenye mzigo ni nusu ya safari. Ufunge vizuri tu, usije ukakufuata mbele kwenye breki.

Kuteremka ndiko kwenye hatari. Uzito unakwenda mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na ukirudisha gia chini kwa ghafla injini inazikaba tairi za nyuma peke yake. Nyuma inatoka, inataka kukupita. Weka gia ndogo kabla hujaanza kuteremka, ukiwa bado mahali pa tambarare, kisha breki za kugusagusa. Na kama gari lako ni automatiki na lina kitufe kilichoandikwa SNOW karibu na gia, magari mengi ya Kijapani yanacho, kitufe hicho kitumie wakati wa kuondoka. Kinafanya gari lianze na gia ya pili, nguvu inakuja kwa upole, tairi hazisagi. Kitufe cha theluji kinafaa kwenye matope, tairi ya theluji haifai. Mjapani hakunieleza, nimejionea.

Haya, tairi gani basi? Yangu inakula 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15), na nilichukua nne mpya za kawaida za misimu yote, zenye mifereji mipana mirefu katikati na kashata zilizoachana vizuri kwenye mabega. Siku ya kununua siisimulii, ilikuwa ni kuvutana bei tu, na muuzaji kuniuliza mara mbilimbili kama mume wangu anajua. Saizi yako iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kama yule aliyekuuzia alikibandua, kitabu cha gari kinayo.

Wengine wananishauri niongeze saizi ya tairi ili gari liinuke. Piga hesabu kwanza. Ukitoka 195/65R15 kwenda 205/65R15 kipenyo kinaongezeka milimita 13, kwa hiyo gari linainuka milimita 6 na nusu. Unene wa kidole haufiki. Wakati huohuo kona ikikaza tairi inaweza kusugua, na spidi mita inakudanganya kwa asilimia 2 hivi, wewe uko kasi kuliko inavyosema, na askari anajua. Upana nao si dawa. Barabara zetu nyingi za mlimani zina tope juu na ardhi ngumu chini. Tairi nyembamba inalikata tope ikafika pagumu, pana inaelea juu yake. Ninyi mliofunga rimu kubwa na tairi nyembamba ubavu, zenye mpira mdogo usiozidi vidole viwili, picha zenu nzuri. Masika mbaki mjini.

Mbili au nne? Hili linaulizwa kila siku. Nne za aina moja, kama mfuko unaruhusu. Ukifunga nzuri nyuma tu kwa sababu ndiko kunakovuta, utapanda vizuri sana, halafu kwenye kona mbele kutakataa kufuata usukani. Lakini kama hela ni ya mbili tu, mpya zikae nyuma. Mafundi wengi hapa watakuwekea mbele na kukuambia mbele ndiko kwenye usukani. Kataa kwa heshima. Mbele ikiteleza kwenye maji, gari linanyooka na ukipunguza mwendo linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, na wachache wanaoweza kulirudisha hawako kwenye barabara ya Moshi na watoto nyuma.

Tairi mpya ina kashata ya milimita 8 hivi. Vile vinundu ndani ya mfereji vinakuambia imefika 1.6, lakini kwenye mvua ushikaji umeshapungua sana kabla ya hapo. Mimi nikifika 3 naanza kuchanga. Zile zilizochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto sizijadili. Tairi ya gari dogo haina mpira wa ziada wa kuchongwa, unakata kuelekea kwenye nyuzi. Anayekuuzia hiyo anakuuzia jeneza, na samahani kwa wanaoishi kwa biashara hiyo, kuna biashara nyingine.

Upepo: kwenye tope ninapunguza kidogo, kutoka PSI 32 hadi 26 hivi, natembea pole, na nikirudi penye pampu najaza kabla ya kushika barabara kuu. Usiende Arusha na tairi legevu kwa mwendo wa 80. Inapata moto, inapasuka.

Na ninyi dada zangu, hili nawaambia ninyi. Acheni kumpa baba, kaka au shemeji kazi ya kuwachagulia tairi. Hakuna aliyezaliwa anajua kusoma ubavu wa tairi. Nimekaa mezani kwa wakwe nikaitwa muuaji wa watoto na mtu aliyelipia tairi bila kuinama. Ameshanipigia simu tangu hapo, kuniuliza nilinunua wapi. Samahani hakusema. Nimempa maelekezo yote, hadi jina la duka, kwa sababu anabeba watoto wa wifi yangu, si kwa sababu nimesahau.

La mwisho ni tairi la akiba, maana wengi mnabeba ile nyembamba ya muda iliyokuja na gari. Inataka upepo wa 60, na wengi wenu haijawahi kupimwa tangu ishuke bandarini. Pancha ikitokea mbele, funga palepale. Ikitokea nyuma, usiifunge nyuma kwenye gari linalovuta nyuma: kipenyo chake kidogo kinaisumbua difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi za nyuma, na haiwezi kusukuma kwenye tope. Toa tairi nzima ya mbele uipeleke nyuma, hii ndogo ikae mbele, na mwendo usizidi 80. Ni kupiga jeki mara mbili, pengine na mvua mgongoni, najua.