Boya linacheza tu, samaki sipati

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nipo Kimara, likizo ya mwezi wa sita nilienda kwa wakwe zangu Mlandizi, kuna bwawa nyuma ya mashamba, nikaenda na vijana wangu wawili kuvua kwa mshipi. Ndoano nilinunua Feri, zile za changu. Tukakaa toka saa tano mpaka saa tisa, boya linacheza tu chambo kinaisha, hatukuambulia kitu. Desemba tunarudi na hema tulale hukohuko. Nakosea wapi?
Baba wa Wawili

JIBU: Kaka, tatizo ni ndoano na saa, na hiyo saa ndo imenipa wasiwasi.

Ndoano ya changu ni kubwa mno kwa perege wa bwawani, mdomo wake mdogo, anadokoa pembeni pembeni mpaka mnyoo unaisha. Nunua ndogo kabisa, weka kipande cha mnyoo kinachofunika ncha tu, au kidonge cha ugali mgumu, alafu boya likitikisika usivute, ngoja lizame.

Sasa saa. Jua likiwa kali perege wengi wanajificha kwenye kina na kivuli cha matete, wewe nenda kunapopambazuka au saa kumi na moja jioni. Na kuna kubwa kuliko samaki, kichocho, vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na vinatoka kwa wingi mchana jua likiwa juu, yaani muda uleule mliokaa nyie, vinapenya ngozi nzima bila kidonda. Mshipi ukinasa kwenye magugu ukate, usimtume mtoto akaunasue, hata kama umeununua bei. Na kama mwezi wa sita waliingia majini wapeleke zahanati wapimwe mkojo hata kama hawalalamiki, dawa ipo.

Usiku ni wa kambale. Utumbo wa kuku, na chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi), ushuke mpaka chini, utulie. Mapezi yake ya ubavuni yana miiba mikali kwa hiyo mshike na kitambaa kizito, na ndoo ifunike maana anavuta hewa ya juu, nje ya maji anakaa hai muda mrefu na anaruka.

Hema weka mwinuko, Desemba ni vuli, na neti msisahau. Ila kabla ya yote muulize baba mkwe na mwenyekiti wa kitongoji kama mamba au kiboko huwa wanafika hapo, Mto Ruvu hauko mbali, wakisema wanafika basi lala nyumbani kwa mkwe. Mambo ya leseni mwone afisa uvuvi wa wilaya.

Alafu ukimtoa perege ukaona vitoto vinamdondoka mdomoni, huyo ni mama, anawalea humo humo. Waite vijana waone, kisha mrudishe upesi na vitoto vyake.