Simu ya mamangu ya kila Ijumaa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama nchi zinaweza kuaminiana tena baada ya siri za upelelezi kuvuja. Angela Merkel, aliyekuwa chansela wa Ujerumani, Oktoba 2013, alipopata habari kwamba Wamarekani huenda wanainasa simu yake, alimpigia Obama mwenyewe akamlalamikia. Sisi tungempigia nani?

Maana Mei 2014 nyaraka za siri alizovujisha Edward Snowden, aliyefanyia kazi idara ya ujasusi ya Marekani, zilitutaja na sisi. Simu za Bahamas Wamarekani walizirekodi hadi sauti. Za Kenya walichukua nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Nilikuwa nyumbani Mombasa, nikamsomea mamangu habari hiyo. Kila Ijumaa baada ya Isha alikuwa akikwaruza kadi kwa ukucha wa kidole gumba, ananitajia tarakimu nne nne nibonyeze, kisha azungumze na mjomba aliyeko Muscat. Mazungumzo yao ni yaleyale: presha, mwembe wa babu, nani kaoa. Lakini mwaka ule watu mjini walikuwa na hofu, na simu ya nje ilitosha kukutia wasiwasi. Nikamwambia, "Mama, sauti yako hawana. Wana namba na saa tu." Akanyamaza, akajivuta leso. "Basi wanajua Ijumaa saa ngapi namtafuta ndugu yangu. Hilo si langu?"

Ijumaa iliyofuata kadi ilikaa juu ya kabati, haikukwaruzwa. Na iliyofuata pia. Mjomba akanipigia mimi, akauliza kama dadake kamkasirikia. Sikuthubutu kumweleza sababu kwa simu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema imani ikivunjika ndiyo basi. Lakini Dilma Rousseff, aliyekuwa rais wa Brazil, aliyeahirisha ziara yake ya Washington 2013 kwa hasira ya kupelelezwa, alikwenda 2015. Mwaka huohuo ikafichuka kuwa BND, idara ya ujasusi ya Ujerumani yenyewe, iliisaidia Marekani kuwapeleleza majirani wa Ulaya. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, serikali hurudiana, kwa kuwa zinahitajiana na zote zina la kuficha. Tena afadhali siri zivuje tujue. Ila nasema hivyo kuhusu serikali tu.

Ramadhani ilipoandama, mamangu alisema nimletee ile kadi. Akamsalimu kakake, akamuuliza presha, akamtakia saumu njema, akakata. Hazikufika dakika mbili. Mwembe hakuutaja.