Mafundi watatu, bei tatu, paa moja la zamani

Swali: Shikamoo mzee. Nyumba aliyotuachia marehemu baba iko Isevya, Tabora. Ni ya miaka ya 1970 na inavuja vyumba viwili. Fundi wa kwanza anataka kuezua paa lote aweke mabati mapya. Wa pili anasema lami kwenye matundu inatosha. Wa tatu naye anaezua lote, anatoa na mbao zote za zamani, na bei yake iko chini sana. Nimpe nani kazi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla ya bei, nani kati yao alipanda darini? Aliyesimama uani akatazama juu, akataja hela, huyo amekisia tu. Maji yakipenya kwenye tundu la msumari hutambaa na papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa mabati, yakadondokea mbali. Doa unaloliona kwenye silingi linaweza lisiwe chini ya tundu lenyewe. Fundi makini huingia darini mchana jua likiwa kali, atafute vijitundu vya mwanga, kisha achome kwa bisibisi ncha za kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, pale zinapokalia ukuta. Mchwa hupandia ukutani, kwa hiyo huanza kula hapo. Bisibisi ikizama, mbao imekwisha, ikigoma, iache.

Huyo wa tatu ndiye wa kumwangalia vizuri. Muulize: mabati na mbao za zamani zitabaki za nani? Nyumba nyingi za umri huo huko kwenu zilipauliwa kwa mninga, mbao ambayo mchwa haiwezi kirahisi na leo inauzwa ghali. Inawezekana unafuu anaokupa ameshaufidia kwenye kenchi zako, azipeleke kwa seremala wa vitanda, halafu wewe uwekewe mbao laini zisizotiwa dawa.

Wa pili simkatai moja kwa moja. Kama mabati ni mazima na kilichochakaa ni washa za misumari, vile visahani vya chini ya kichwa cha msumari vinavyozuia maji, kubadilisha misumari ni kazi halali na rahisi. Ila lami peke yake hupasuka kwa jua. Bati lililooza kwa kutu nalo halizibiki, hilo libadilishwe.

Usilinganishe bei zao hivi zilivyo, maana kila mmoja ametaja kazi yake. Andika wewe orodha moja: mabati mangapi, geji gani (28 ni nene kuliko 30, usidanganywe na ukubwa wa namba), kofia (bati la kufunika kilele cha paa), misumari yenye washa za mpira, mbao zilizotiwa dawa. Wape wote karatasi hiyohiyo, watenganishe vifaa na ufundi. Vifaa nunua mwenyewe.

Wapime na kwa maneno yao. Msumari unapigwa wapi? Kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni yanakopita maji. Kenchi utazifungaje ukutani? Asiyekuwa na jibu hapo muage kwa heshima, maana upepo unaotangulia mvua za Novemba huwa hauna mzaha na mapaa.

Kama ni mabati ya asbesto, yale ya kijivu mazito yanayofanana na saruji, asiyakate wala kuyavunja mtu yeyote. Vumbi lake huharibu mapafu.

Ufundi ulipe kwa hatua, na fungu la mwisho libaki kwako hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Atakayekataa sharti hilo, mwache aende.