Waalbania wa Ulcinj

Swali: Shikamoo Bi Mhariri. Mimi ni baharia wa Mombasa. Tulipotia nanga bandari ya Bar, nchini Montenegro, Ulaya, nilipanda basi hadi Ulcinj. Adhana inasikika, na wengi wanazungumza Kialbania. Je, nilivuka mpaka na kuingia Albania bila kujua?

Jibu: Marahaba mwanangu. La, ulikuwa Montenegro bado. Waalbania huuita mji huo Ulqin; ulikabidhiwa Montenegro mwaka 1880. Mpaka ndio uliosogea, si watu, na hadi leo wao ndio wengi mjini. Katika ofisi za umma Kialbania kinatumika pia. Mimi kinachonigusa zaidi ni Waafrika walioletwa huko utumwani na manahodha wa Ulcinj. Vizazi vyao vikawa vya mji. Mmoja, Rizo Šurla, alikuwa mpiga picha. Ukirudi, waulizie wazee habari zake.