Kabla hujamlipa huyo developa: domeni (jina la tovuti yako) inafunguliwa kwa imeili ya nani?

Mkuu, usitume hata shilingi ya advansi. Umeuliza duka lako la mtandaoni uliendeshe kwa WooCommerce au Shopify, seva iwe hapa nchini au nje, na stoo yako ya Kariakoo uiunganisheje na tovuti. Mimi macho yaliganda kwenye sentensi uliyoipitia mbio mbio: jamaa kasema domeni, hosti (seva ya kuweka tovuti) na akaunti ya malipo atafungua yeye kwa imeili yake "ili usisumbuke". Hapo hapo ndipo nilipopigwa mimi.

Nilikuwa nauza nguo za watoto. Fundi nililetewa na rafiki, anaongea vizuri, laptopu imejaa stika. Akaniambia .co.tz ni ya kishamba, tuchukue .com. Haya. Akasajili kwenye akaunti yake kwa msajili wa nje, yaani kampuni inayouza domeni, akalipa kwa kadi yake, nikamrudishia kwa M-Pesa na hela ya soda juu. Meseji ya muamala nikaitunza kama hati ya nyumba. Ya nini sasa? Kwa msajili mwenye jina ni yeye, mimi ni mtu tu aliyewahi kumtumia hela.

Duka lilivyokua, kila kitu kikaning'inia kwenye lile jina. Barua pepe ya info@ ndiyo iliyofungulia ukurasa wa Facebook, akaunti ya matangazo na akaunti ya malipo. Malipo yenyewe yalikuwa hivi: mteja analipa lipa namba, anaweka namba ya oda, kisha mtoa huduma anatuma taarifa kwenye anwani iliyo ndani ya domeni yetu kwamba oda fulani imelipwa. Tovuti inapokea, inapunguza mzigo stoo, inamtumia mteja meseji. Raha tupu, mpaka muda wa domeni ulipoisha.

Vikumbusho vya kulipia viliingia kwenye imeili ya nani? Ya yule fundi wangu, ambaye alishapata ajira nje na laini ya Bongo haipatikani. Mteja akanipigia asubuhi: "Dada, siku hizi mmehamia kwenye kubeti?" Nikafungua. Jina la duka la nguo za watoto limejaa matangazo ya mikeka. Nilicheka kwa sauti, maana kulia mbele ya wateja ni aibu.

Tovuti kuzima ningevumilia. Kilichoniumiza ni kwamba watu waliendelea kulipa. Lipa namba wanayo, hela inaingia, ila taarifa inatumwa kwenye anwani iliyokufa na oda haijulikani ni ya nani. Nikakaa na kaunta buku naoanisha meseji za miamala na picha za skrini za WhatsApp. Wa Mbeya kalipa kwa namba ya mumewe, wa Mwanza kalipa nusu, mwingine kwenye oda ni Mama Junior na kwenye muamala ni jina la mwanaume. Na mzigo unatakiwa upande basi alfajiri! Kuna waliopata mara mbili (hao hawakupiga simu, Mungu anawaona) na kuna ambao hawakupata kabisa, wakaja kuniita tapeli kwenye maoni.

Nikasema ngoja nibadili ile anwani kwenye akaunti ya malipo. Nywila nimesahau, na kiungo cha kuibadili kinatumwa info@, ambayo imekufa pamoja na domeni. Nijaribu kwa simu? Namba ya uthibitisho inaenda kwenye laini ya jamaa. Nikamwandikia msajili, nikamtumia leseni, TIN, na zile meseji za M-Pesa. Akanijibu kwa adabu zote kwamba wao wanaongea na mwenye akaunti tu.

Ujue .com ikiisha muda haipotei siku hiyo hiyo. Msajili anaweza kukaa nayo mpaka siku 45. Akiifuta inaingia siku 30 za kukombolewa, na gharama ya kukomboa huwa kubwa kuliko bei ya kuisajili upya. Halafu siku 5 za kusubiri, kisha inaachiwa kwa yeyote. Kabla ya hizo siku 5 za mwisho anayeweza kuiokoa ni mwenye akaunti, zikianza hata yeye hawezi. Mimi nilikuwa nahesabu siku kama mfungwa. Ikaangukia kwa watu ambao kazi yao ni kunyakua majina ya namna hiyo, na waliponitajia bei nikadhani inakuja na ghorofa.

Nilipompata yule bwana hatimaye, unajua alisema nini? "Si ungenikumbusha, dada." Nikukumbushe kwa imeili ipi, kaka? Nyie madevelopa wa "nitakushikia mimi" mnajua mnachokifanya. Mteja asiye na funguo hahami.

Laini ya simu tu huwezi kumwachia mtu aisajili kwa NIDA yake, seuze jina la biashara! Domeni, hosti na akaunti ya malipo: jina lako, imeili yako, laini yako, kadi yako. Fundi mpe ruhusa ya kuingia afanye kazi, akimaliza iondoe. Na hiyo imeili isiwe ya domeni hiyo hiyo, tumia ya Gmail, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yako na ulipaji wa kiotomatiki.

Kama huyo developa wako alishasajili, usimgombeze bado. .com mpya haihamishiki kwenda kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za mwanzo, ila wasajili wengi wanaruhusu kuisogeza toka akaunti moja kwenda nyingine humo humo kwao. Fungua akaunti yako, aisogeze ukiwa umekaa naye. Usijitulize kwa kuangalia whois (orodha ya wazi ya wenye domeni), siku hizi majina mengi yanafichwa. Cha kujua ni nani ana nywila.

Hiyo ya Shopify na WooCommerce, wataalamu watakuja, mimi zote naona zinauza. Stoo nayo nimeshasahau uliuliza nini hasa. Ila leo kabla hujalala mpigie jamaa, muulize akaunti ya domeni itafunguliwa kwa imeili gani. Akianza na "usijali bosi", kata simu.