Gemu za risasi zitamfanya mtoto awe mhalifu?

Dada, umeuliza kama gemu za bunduki zitamharibu kijana wako wa miaka 14. Binafsi naona hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Mwaka 2019 watafiti Przybylski wa Oxford na Weinstein wa Cardiff walichunguza vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15. Tabia zilielezwa na wazazi, ukali wa gemu ukapimwa kwa alama rasmi za umri. Uhusiano na ugomvi haukuonekana.

Watu hupenda kumtaja mwanasaikolojia Bandura wa 1961, aliyeona watoto wakiiga mtu mzima anayepiga mdoli. Sawa, ila mdoli ule ulikuwa wa kupuliza, ukiusukuma unainuka wenyewe. Umetengenezwa upigwe! Kuupiga si sawa na kukaba mtu njiani.

Cha kufanya: soma namba kwenye kasha. PEGI 18 (alama ya Ulaya ya gemu za miaka 18 na zaidi) si ya umri wake. PlayStation ikae sebuleni, na izimwe saa moja kabla ya kulala, maana hasira nyingi za asubuhi ni usingizi pungufu. Kagua pia simu: klipu za vibaka halisi wakipigwa, zinazozunguka WhatsApp, hazina alama ya umri. Na akianza utoro shuleni, ulizia anaotembea nao kabla hujailaumu gemu.